Mjadala: Mpiga gitaa mmoja, amplifaya ngapi?

Wadau wa muziki wa Arusha na Moshi, habari zenu. Kuna hoja inayozuka kila kikundi kinapopata hela ya vyombo, na safari hii imewagawa vijana wa usharika mmoja huku Sakina, Arusha. Wamechangisha, fedha ipo, lakini hawaelewani. Upande mmoja unataka amplifaya moja ya kidijitali yenye sauti nyingi ndani yake: safi, ya kukwaruza, ya roki, hata ya gitaa kavu (lile lisilo la umeme). Wenzao wanasema mshika mbili moja humponyoka, afadhali zinunuliwe tatu, kila moja na kazi yake. Fedha yenyewe ni ya waumini, wengine wametoa kwa kujibana, kwa hiyo si jambo la mpiga gitaa na roho yake peke yao. Natoa msimamo wangu, na nyinyi mtoe wenu.

Nasema hivi: amplifaya zihesabiwe kwa vichwa vya wapigaji, zisihesabiwe kwa sauti tunazozitamani. Mpiga solo awe na yake, ridhimu yake, besi yake. Kumnunulia mpiga gitaa mmoja amplifaya tatu kwa hela ya mchango, hapana.

Wanaotaka nyingi hawasemi upuuzi. Sauti tunazozisikia kwenye rekodi kubwa za dunia zilitoka kwenye mashine zilizojulikana kwa jambo moja. Fender Twin Reverb ya Marekani, wati 85 na spika mbili za inchi 12, inapendwa kwa sauti safi isiyopasuka hata ukiikandamiza. Vox AC30 ya Uingereza ina mng'ao wake wa juu unaoutambua kwa nyuzi mbili tu. Marshall ndiyo baba wa sauti nzito ya roki. Aliyewahi kusimama mbele ya AC30 yenye valvu tupu (zile taa za kioo za kukuzia sauti) anajua kuna kitu pale ambacho mwigo wa kidijitali unakikaribia tu. Sibishi.

Ila tuangalie huo "ubingwa" wa kila mashine kwa jambo lake ulitoka wapi. Jim Marshall alikuwa na duka la vyombo Hanwell, magharibi mwa London, na mwaka 1962 yeye na mafundi wake walitengeneza amplifaya ya JTM45 kwa kufuata saketi ya amplifaya ya Fender Bassman. Bassman ilibuniwa kwa ajili ya gitaa la besi! Wapiga gitaa wakaiona inawafaa, wakaichukua, na leo ukoo huo unaitwa amplifaya za roki kana kwamba zilizaliwa hivyo. Kwa hiyo mtu akikuambia hii ni ya blues na ile ni ya roki, kumbuka kwamba mara nyingi ni watumiaji waliotoa jina, kiwanda kilikuwa na mawazo mengine kabisa.

Sasa tuje kwenye muziki wetu. Kwaya inapiga nini Jumapili? Bendi inapiga nini kwenye send-off na harusi? Tisini katika mia ni gitaa safi lenye mwangwi kidogo. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walitoka Tanga, wakapita hapa hapa Arusha na kuunda Arusha Jazz, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakavuka kwenda Mombasa na kuwa bendi ya Simba Wanyika. Sikiliza kazi zao. Solo na ridhimu zote ni safi, na hazikanyagani. Mmoja yuko juu kwenye shingo ya gitaa anasokota nyuzi nyembamba, mwingine amekaa katikati anarudia kifungu kimoja bila kuchoka. Utofauti umekaa kwenye vidole na mpangilio. Kijana ambaye hajajua kumpisha mwenzake, hata ukimpa amplifaya tano atamfunika tu.

Ndiyo maana nawaambia vijana wa Sakina wasihesabu sauti zilizoandikwa kwenye boksi. Mkifika dukani, zimeni madoido yote, wekeni kwenye sauti safi, halafu mmoja wenu apige nyuzi tatu nyembamba, kwa nguvu ile ile anayopiga kanisani wakati kwaya nzima imesimama. Pandisha volyumu taratibu. Sauti ikianza kupasuka au kuwa nyembamba kama redio ya mkulima, iacheni hapo, hata kama ina sauti mia ndani yake. Ikibaki nene na wazi, hiyo ndiyo ya kujadili bei. Sauti ya kukwaruza utaiongeza kwa pedali moja (kifaa cha kukanyaga kinachobadilisha sauti) ukiihitaji. Sauti safi mbovu haina pedali ya kuitibu. Roland ilitoa JC-120 mwaka 1975, inatumia transista tupu bila valvu, ina wati 120 na korasi yake maarufu (doido linalofanya gitaa moja lisikike kama mengi), na mpaka leo watu wanaitafuta kwa sababu hiyo moja ya usafi.

Kuhusu nguvu, msidanganywe na wati. Wati 100 dhidi ya 50 ni tofauti ya desibeli 3 tu, na ili sikio lisikie sauti imekuwa kama mara mbili unahitaji nguvu mara kumi hivi. Kanisa lenye miksa na spika kubwa halihitaji amplifaya ya kutikisa madirisha. Hapa upande wa moja wana hoja nzuri: valvu hutoa utamu wake ukiipandisha, na ukiipandisha ndani ya jengo lenye bati na sakafu ya tailizi, mchungaji atakuangalia kwa jicho la pili. Boss Katana 50, kwa mfano, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2016, unaishusha hadi nusu wati, ina tundu la kupeleka sauti kwenye miksa, na uzito wake ni kama kilo 12. Twin Reverb ya kawaida ni kama kilo 29. Anayesema uzito si hoja hajawahi kupakia vyombo kwenye kirikuu usiku baada ya harusi ya Usa River, mvua ya masika inanyesha.

Kwenye besi sitaki mjadala, maana hapo ndipo hela huungua. Uzi mzito wa gitaa ukiwa wazi unatoa takriban hezi 82, wa besi 41. Spika ya gitaa haikujengwa kusukuma hewa ya chini kiasi hicho. Utaiona karatasi yake inaruka mbele na nyuma, inaanza kukohoa, na baada ya muda koili inakwaruza. Vikundi vingapi hapa mjini besi inachomekwa popote palipo na tundu? Ile hela ya amplifaya ya pili na ya tatu ya mpiga solo, pelekeni kwenye amplifaya ya besi inayoeleweka.

Na gitaa kavu? Hapo upande wa amplifaya tatu unataka chombo chake maalumu. Spika ya gitaa la umeme huanza kushuka kwenye hezi 5,000 hivi, haina twita (spika ndogo ya sauti za juu), ndiyo maana gitaa kavu likipita hapo linasikika limefunikwa blanketi. Lakini miksa ya kanisa ipo tayari, na spika zake zina twita. Chomekeni gitaa kavu kwenye DI, kisanduku cha kuunganishia chombo na miksa, liende huko. Amplifaya ya nini tena?

Kuna suala la umeme ambalo sijasikia upande wowote ukiligusa, na mimi naliona kubwa kuliko sauti. Vyombo vingi tunavyonunua ni vya mtumba. Kabla hujatoa hata shilingi, geuza amplifaya usome kibandiko cha nyuma pale waya wa umeme unapoingia. Iliyotoka Japani imeandikwa 100V. Ya Marekani 120V, 60Hz. Sisi ni 230V, 50Hz. Ukiichomeka moja kwa moja ukiwa na bahati fyuzi itakatika, ukikosa bahati ni harufu ya transfoma iliyoungua na mchango wa waumini umeishia hapo. Kila amplifaya ya namna hiyo inataka transfoma yake ya kushusha, ya ukubwa unaotosha. Mkinunua tatu, zidisheni gharama hiyo kwa tatu, na stabilaiza bado. Umeme wetu hukatika na kurudi kwa kishindo, kila mmoja anajua.

Hoja ya wenzetu ninayoipa uzito wote ni matengenezo. Amplifaya ya kidijitali ikiharibika bodi, sauti zote zinaondoka kwa mpigo, na fundi redio wa mtaani hana la kufanya. Ya transista ya kawaida anaifungua, anabadilisha kapasita au volyumu inayochakacha, mnaendelea. Kwa hiyo kikundi kinachozunguka mbali, tuseme Karatu au Loliondo, mimi ningekishauri kichukue ya transista iliyo rahisi, safi, pamoja na pedali mbili tatu, badala ya ile ya kidijitali. Bado ni moja kwa mpigaji mmoja. Ya valvu ni habari nyingine: ndani yake kuna zaidi ya volti 300, na kapasita zinaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya. Hiyo usimpe fundi anayejifunzia kwako.

Mwenye studio yake Njiro au Shanty Town pale Moshi, anarekodi na anatumia hela yake, aweke hata kumi. Kwenye kurekodi tofauti ndogo ya sauti ni mali. Mimi naongelea fedha ya watu wengi.

Basi nataka kusikia kutoka kwenu. Mnaopiga valvu huku kaskazini, valvu za EL84 au 6L6 zikichoka mnazipata wapi, zinakaa muda gani njiani, na nani anazibadilisha? Mkinionyesha fundi aliyepo Arusha au Moshi mwenye spea mkononi na uzoefu wa kazi hiyo, sehemu hiyo ya hoja yangu naiondoa. Na vikundi ambavyo mpiga solo na mpiga ridhimu wanachangia amplifaya moja kwa matundu mawili, mmewezaje? Kwa masikio yangu kila mnapofanya hivyo ridhimu inamezwa, lakini kama kuna aliyepata njia, aeleze alivyopanga volyumu na toni, vijana wa Sakina wapate kujaribu kabla hawajaenda dukani.