Ojwang', Papa Shirandula au Mambo Mbotela: tumwige nani jukwaani?

Mlezi_wa_Chama
Wakuu, chama chetu cha Kiswahili kinaandaa igizo la kuwaenzi magwiji wa runinga ya Kenya, Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai. Tunamchagua mmoja wiki hii ili nguo zianze kushonwa. Waliobaki ni Mzee Ojwang' wa kipindi cha vichekesho cha Vitimbi, Papa Shirandula wa kipindi chenye jina hilohilo, na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela. Yupi atashika ukumbi?

Fundi_Jukwaa
Mwalimu, dakika ngapi? Maikrofoni zipo? Waigizaji ni wa kidato gani? Bila hayo tunapiga ramli.

Nyota_ya_Pwani
Mbotela. Kipindi chake "Je, huu ni ungwana?" kilianza 1966 enzi za shirika la utangazaji la Sauti ya Kenya, na hadi leo mtu akirukia foleni kuna atakayemuuliza hivyo. Kuiandika ni rahisi: eleza kosa moja la kila siku kwa sentensi nne au tano, mathalani abiria anayetupa maganda dirishani mwa matatu, nyamaza sekunde mbili, ndipo uulize. Msiharakishe hapo. Hadhira ikipewa nafasi ya kumhukumu huyo abiria kimoyomoyo, itaitikia "siyo!" bila kuombwa.

Kiboko_ya_Zamani
Mbotela ni mtangazaji, tena wa redio na mpira. Hapa tunazungumzia wachekeshaji wa runinga.

Nyota_ya_Pwani
Mwalimu kasema magwiji wa runinga, ndugu, na Ungwana ilionyeshwa kwenye runinga ya KBC pia.

Kiboko_ya_Zamani
Haya. Mimi nasema Ojwang'. Benson Wanjau aliyemwigiza, na aliyetutoka Julai 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini lafudhi yake ya Kijaluo ilikubalika hata wengi wakadhani ndiko kwao. Hiyo ni kazi ya sanaa, na ndiyo inayofaa kufundishwa vijana. Dholuo, lugha ya Wajaluo, haina "sh" wala "z", kwa hiyo "shida" inakuwa "sida", "mzee" inakuwa "msee". Shikeni hizo mbili tu. Mwanafunzi akianza kupinda kila neno, mnakuwa mnalikejeli kabila, na mchezo unaharibika.

Mvi: pakeni mafuta ya mgando kidogo sana, kisha poda ya watoto vijiko viwili kwa brashi laini. Msitumie unga wa ngano, jasho likiugusa unageuka donge na kuteremka usoni. Miwani iwe ya fremu kubwa, vioo vitolewe, maana taa zikimulika vioo macho hayaonekani.

Fundi_Jukwaa
Kwa Papa Shirandula niwatahadharishe. Charles Bukeko aliyemwigiza alikuwa na mwili mkubwa na aliutumia wote kuchekesha. Kuna kikundi cha shule kilimvika kijana mwembamba sponji tumboni, wakaifunga kwa kamba moja kiunoni. Kwa kuwa Papa ni mlinzi anayemficha mkewe Wilbroda kazi yake, waliamua abadilishe suti kuwa sare mbele ya watu. Suti ilikuwa na vifungo sita. Alipofika cha tatu sponji ikashuka hadi mapajani, mwenziwe aliyeigiza Wilbroda akaingia kabla ya zamu yake, na siri yote ya kisa ikawa imefichuka kabla hata ya kujengwa. Watu walicheka, ndiyo, ila walimcheka kijana.

Sponji ishonwe kwenye fulana inayobana, yenye mikanda miwili mabegani. Sare ivaliwe ndani, suti juu yake iwe kubwa saizi mbili, na badala ya vifungo shoneni utepe wa kunata. Abadilishe nyuma ya pazia akiendelea kusema, sauti isikatike.

Mtoto_wa_Busia
Na ile "Brrr" ya tangazo la Coca-Cola aliloigiza Bukeko msiisahau! Itoke mara moja tu, mwishoni. Ikirudiwa inachosha.

Mlezi_wa_Chama
Samahani kwa kuchelewa. Dakika nane, maikrofoni moja ya mkononi, kidato cha pili, wasichana watano na wavulana wawili. Bajeti shilingi 3,000.

Fundi_Jukwaa
Maikrofoni moja ya mkononi inambana Ojwang'. Vitimbi ni majibizano, na kila wakipokezana kifaa utani unapoa. Mbotela anaweza kukishika mwenyewe, shubiri moja kutoka mdomoni. Kikisogezwa karibu zaidi, "p" na "b" zitapasuka.

Kiboko_ya_Zamani
Basi kiwekeni kwenye stendi katikati, Ojwang' na mkewe wasimame kila upande.

Nyota_ya_Pwani
Igizo la Mbotela lazima liguse 1 Agosti 1982, alipolazimishwa na wanajeshi waasi kutangaza kwamba serikali imepinduliwa.

Kiboko_ya_Zamani
Kwa dakika nane? Hapo utaua kicheko chote.

Nyota_ya_Pwani
Kumuenzi mtu si kuchekesha tu. Alifariki Februari 2025, vijana hawa wana haki ya kujua alipitia nini.

Dada_wa_Rasi
Wasichana watano, na hakuna aliyemtaja Mama Kayai, mke wa Ojwang' katika Vitimbi? Mary Khavere aliyemwigiza ndiye aliyembana Ojwang' kwa maneno miaka yote hiyo. Mpeni msichana mwenye sauti nzito, leso mbili na kitambaa cha kichwa. Nguo hazitamaliza hata nusu ya bajeti.

Mlezi_wa_Chama
Hilo sikulifikiria. Na Ojwang' awepo, au asikike tu akijibu kutoka nyuma ya pazia?

Kiboko_ya_Zamani
Awepo! Mama Kayai atamgombeza nani, pazia?

Fundi_Jukwaa
Sauti ya nyuma inawezekana, ila itahitaji maikrofoni ya pili. Ukumbi wenyewe unaingiza watu wangapi?