Vispika vya inchi 3 na sabufa, au box kubwa za inchi 15? Naombeni ushauri wa haraka

Mwanauyole
Wakuu habari za muda huu. Nipo Mbeya, kichwa kinawaka moto. Nataka mziki mnene, yaani unaopiga hasa. Duka moja Mwanjelwa wana seti ya vispika vitano vya inchi 3 na sabufa yake, laki nne na nusu. Jamaa mwingine anauza box mbili za inchi 15 pamoja na ampli, mtumba, laki tisa, hapungui. Vile vidogo nimevisikia dukani, kifua kilitikisika. Ila kila ninayemuuliza anasema kubwa. Nina siku chache.

FundiKoili
Mziki wa wapi mkuu? Chumbani, baa, uwanjani?

Kamwene_Mafinga
Box kubwa. Mimi nilinunua vile vidogo nikavipanga juu ya kabati, wiki ya pili panya akala waya. Sijui kama inahusiana, ila nimeona niseme.

MamaChipsi
Kaka, majirani umewafikiria? Mie nimepanga Soweto, ukuta mmoja na kijana wa besi. Akifungulia, sufuria zangu zinacheza. Juzi mfuniko umedondoka saa nane usiku nikajua mwizi, nimekaa na mwiko mkononi mpaka alfajiri. NEMC, wale wa mazingira, wana kanuni za kelele tangu 2015, lakini mtoto wa mwenye nyumba unamshtakia wapi?

Mwanauyole
Nashukuru wote. Ni matumizi ya kawaida tu. Sebuleni, na mara moja moja nje.

FundiKoili
Hiyo "mara moja moja nje" ndiyo swali lenyewe. Nje ipi, watu wangapi?

Mwanauyole
Sawa. Kuna sendoff ya dada yangu Jumamosi ya wiki ijayo, hapa hapa Uyole, nyumbani. Maturubai matatu, watu kama 250. Zikitoka hapo zinakaa sebuleni.

FundiKoili
Duh. Sikiliza. Kispika cha inchi 3 ukikipa wati 1, ukisimama mita 1, kinatoa kama desibeli 85, yaani kipimo cha ukali wa sauti. Box ya inchi 15 ya kazi za ukumbi, kwa wati hiyo hiyo, inatoa kama 97. Pengo ni 12. Kila ukitaka desibeli 3 zaidi lazima uzidishe nguvu mara mbili, kwa hiyo 12 ni mara 16. Box kubwa ikila wati 20, kidogo kinataka 320, na koili yake ni nyembamba kama uzi wa cherehani, itanuka kabla haijafika huko. Dukani kuta zilikuwa zinakurudishia sauti. Nje hakuna kuta: umbali ukizidi mara mbili umepoteza kama desibeli 6. Meza za mwanzo watacheza, wajomba wa nyuma watasikia tsii tsii kama mtu anakaanga dagaa.

Mwanauyole
Lakini si kuna sabufa? Na volyumu nitaweka mwisho.

FundiKoili
Sabufa moja ya sebuleni haijazi uwanja. Na volyumu mwisho ndiyo inayoua: ampli ikiishiwa pumzi inakata vichwa vya mawimbi, twita, vile vispika vya sauti nyembamba, zinaungua. Kila msimu wa harusi naletewa za hivyo. Ukifungua tu, harufu.

DadaWaKamati
Samahani, kwani kamati haikutenga fungu la mziki?

Mwanauyole
Lilitengwa.

DadaWaKamati
Shilingi ngapi, na analo nani?

Mwanauyole
Laki sita. Nimekabidhiwa mimi. Sasa nikimpa DJ anaondoka nayo, si bora tubaki na kitu? Nimezunguka jua kali, bodaboda natoa mfukoni mwangu, hakuna aliyeuliza.

DadaWaKamati
"Tubaki" akina nani? Sebule ya nani hiyo? Na laki na nusu inayobaki nayo inakaa sebuleni?

Mzee wa Iyunga
Kijana, mchango wa watu ni amana. Mimi nilioa mwaka 1994, mziki wetu ulikuwa redio kaseti ya betri sita. Bibi harusi anaingia, mkanda ukamezwa. Kaka yangu yupo chini anauzungusha kwa kalamu, watu wamesimama wanamtazama. Wanakwaya ndio waliotuokoa. Mke wangu mpaka leo nikishika rimoti ananiangalia.

Kamwene_Mafinga
Mzee umenikumbusha ile kalamu 😂

MpigaDebe_Kabwe
Wakuu mnakunywa chai. Bei katoa, ukubwa katoa, mpaka "kifua kilitikisika". Huyu ndiye mwenye duka. Kesho mtaona kaweka namba ya simu hapa.

MamaChipsi
Mwenye duka gani anakubali kusemwa hivi? Mie nadhani sendoff hakuna, ni kijana wa ukuta wangu huyu.

MpigaDebe_Kabwe
Basi ni yule wa box za inchi 15. Si mnaona uzi mzima mnamsifia?

Kamwene_Mafinga
Kama ni kweli zipo naomba namba yake. Laki nane cash.

FundiKoili
Chai au si chai, jibu ni lile lile: kwa watu 250, kodi mziki. Vidogo ni vya kuangalia mpira sebuleni, havina kosa huko. Na ukienda dukani achana na namba ya PMPO, hiyo ni ya kupamba boksi. Tafuta RMS, ndiyo nguvu yake halisi ya kupiga mfululizo.

Mwanauyole
Fundi, RMS wanaandika wapi? Nimegeuza boksi pande zote. Mbele kuna PMPO 8000W. Nyuma ya sabufa, pale waya wa umeme unapoingia, pameandikwa 60W tu. Ndiyo hiyo?

DadaWaKamati
Kumbe limeshafika nyumbani.

FundiKoili
Hizo 60 ndizo inazovuta ukutani, zote kwa pamoja. Risiti unayo?

Mwanauyole
Ipo. Chini wamegonga muhuri mwekundu: mali ikishauzwa hairudishwi.