Makadirio ya kodi yamejumlisha hela za kikoba, nifanyeje?

Wakuu, nina duka la nondo na saruji Mbeya. Nimeletewa makadirio ya kodi ya mapato, kila kilichoingia benki kimehesabiwa mauzo, hadi hela za kikoba ninazotunza kama mweka hazina! Nitafute wakili au mhasibu?

— Pole sana mkuu. Angalia kwanza tarehe uliyopokea barua. Pingamizi linaandikwa kwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato (TRA) ndani ya siku 30, na unatakiwa ulipe theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi usichokipinga, kile kilicho kikubwa.

— Theluthi yenyewe ndiyo mtaji wangu wote.

— Basi omba upunguziwe, kwa maandishi, sababu zikiwa wazi, na usingoje siku za mwisho. Anza na mshauri wa kodi aliyesajiliwa. Kaeni na taarifa ya benki, kila muamala wa kikoba muandike pembeni jina la mwanachama na ukurasa wa daftari lenu. Hapo ndipo kesi yako ilipo. Wakili mchukue pingamizi likikataliwa, maana kinachofuata ni Bodi ya Rufani za Kodi. Na usisaini makubaliano yoyote kabla hajayasoma.

— Asanteni. Daftari lipo, na sahihi za wanachama zimo.