Kijiko, kizibo kilichotobolewa au jicho la mpishi: mafuta mnapimaje?

MamaWatatu_Ntinda

Habari zenu wapishi. Tarehe 1 nilifungua kidumu cha mafuta cha lita 3. Tarehe 16 nikakiinamisha hakikutoa hata tone. Nyumbani tuko sita, hatuuzi mandazi, chipsi ni za sikukuu. Nikakaa na kalamu: 3000 gawanya kwa siku 16, gawanya kwa watu 6, inakuja 31 ml kwa kila mtu kwa siku. Nikaona aibu.

Nikaamua kupima. Chupa ya maziwa ya kitinda mimba wangu bado ipo kabatini, ina mistari ya ml ubavuni, basi nikaifanya kipimo cha jikoni. Nikamwambia dada anayenisaidia kazi: maharage ukitaka kuyaunga, mafuta mimina kwanza humu. "Kidogo" yake ikafika 70. Nikamcheka. Kesho yake nikajipima mwenyewe bila kutazama mistari, ikasoma 55. Nikanyamaza.

Tangu hapo nimejaribu kijiko, na kizibo cha chupa ya maji nilichokitoboa kwa msumari wa moto. Kijiko kinanifaa kwenye mchuzi, ila nimegundua kijiko changu cha kulia kinashika 11 ml tu, wakati vitabu vya mapishi vinahesabu kijiko kikubwa kuwa 15. Kizibo kinabana kweli, lakini yanatoka kwa kudondoka: nikiungulia sufuria kubwa, vitunguu vimeshashika chini mimi bado naitikisa chupa kama dawa ya kikohozi.

Nyie mnatumia nini? Halafu wa keki mnisaidie: mapishi yalitaka kikombe cha siagi, sikuwa nayo, nikaweka kikombe cha mafuta. Ilitoka nzito, na karatasi ya chini ilikuwa imelowa kama ya sumbusa.

Rolex_Stendi_Mbale

Mama, kwenye maharage sitii neno. Kwenye chapati nina miaka tisa juu ya sigiri (jiko la mkaa), nisikilize.

Chapati inakula mafuta mara tatu: kwenye unga unapokanda, kwenye mkunjo, na kwenye kikaango. Watu wengi wanabana kwenye unga wakidhani wanaokoa, halafu wanamwaga kwenye kikaango. Fanya kinyume. Kilo moja ya unga mimi naipa vijiko vitatu vikubwa na maji ya moto kiasi, nakanda hadi donge likibonyezwa linarudi taratibu. Yale ya ndani ndiyo yanayolainisha, maana yanaupaka unga na kuuzuia usivutane kama mpira. Mkunjo, kijiko cha chai kimoja kwa chapati. Kikaango, hapo ndipo penye siri: weka chapati KAVU. Igeuze ikishapata madoa, ikauke upande wa pili, ndipo unadondoshea kijiko kimoja cha chai, unaizungusha na kuigeuza. Ukitia mafuta mwanzo juu ya unga mbichi, unayanywa yote na bado utaongeza.

Nilipata kijana wa kunisaidia, alikuwa anachota kwa upawa. Wateja walimpenda sana. Mimi ndiye niliyekuwa nanunua mafuta.

Mayai ya rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, ni habari nyingine, yanataka mafuta kabla hayajamiminwa, na kikaango kiwe kimeshapata moto. Kikiwa baridi yanang'ang'ania, nawe utaongeza mafuta ya hasira.

Bint_Bombo

Umesema kweli kaka, ila hata kijiko cha chai ni kingi. Bibi yangu hapa Bombo akipika gurusa, zile chapati nyembamba za uji wa unga, hakuwa na kijiko karibu. Alikuwa na kitambaa safi cha pamba, amekikunja mara nne, kimelazwa kwenye kisahani chenye mafuta. Anapanguza kikaango, anamimina uji wa unga, anatandaza. Sahani moja ya gurusa za watu wanane, na kile kisahani bado kina mafuta.

Kitambaa kikikutia wasiwasi, kata kitunguu nusu, kichome kwa uma upande wa mgongo, chovya upande uliokatwa kwenye mafuta, panguza nacho. Kinaacha utando mwembamba, na kikaango kinanukia. Brashi za plastiki sizitaki. Ya kwangu iliyeyukia kwenye chapati ya mgeni.

Kikoni_Hosteli

Mimi mafuta nayanunua dukani yakiwa yamefungwa kwenye kaveera (kimfuko cha plastiki), ya kupika mara moja. Kipimo changu ni mfuko wa suruali.

Oveni_ya_Jinja

Dada wa Ntinda, kabla sijasema lolote: ulipima kwa kikombe gani?

MamaWatatu_Ntinda

Kile cha chai. Cha mzee wa nyumba.

Oveni_ya_Jinja

Nilijua. Kikombe cha mapishi ni 240 au 250 ml. Hivi vikombe vyetu vikubwa vya chai vinapita 300 bila shida, vingine 350. Hilo kosa la kwanza.

La pili: siagi si mafuta matupu. Ya maziwa ina mafuta karibu asilimia 80, sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji. Hizi za kupaka mkate nyingine zimeshuka chini ya hapo, soma ubavuni mwa kopo. Kwa hiyo ukiondoa siagi ukaweka mafuta kwa ujazo uleule, umezidisha mafuta na umepunguza maji. Mimi penye kikombe kimoja cha siagi naweka robo tatu ya kikombe cha mafuta, yaani 180 ml, na naongeza vijiko viwili vitatu vya maziwa. Ukiunganisha na kikombe cha mzee, wewe uliweka karibu mara mbili. Karatasi isilowe vipi?

Ila hata ukipima sawasawa, usitegemee keki ileile. Siagi ukiisaga na sukari inashika hewa, ndiyo ile inayogeuka nyeupe na kuwa nyepesi kama povu. Hewa ile inasaidia keki kupanda. Mafuta ya maji hayashiki hewa hivyo. Hapo unategemea mayai yaliyopigwa vizuri na beking pauda. Faida yake ni kwamba hayagandi keki ikipoa, kwa hiyo keki ya mafuta kesho yake bado ni laini, wakati ya siagi imeshakaza. Ndiyo maana keki za karoti na ndizi mbivu mimi nazipika kwa mafuta siku zote, na ile ya harusi ya kupamba naipika kwa siagi.

Na kama una mzani, pima kwa gramu. Lakini jihadhari, mafuta ni mepesi kuliko maji: 100 ml zina uzito wa gramu 92 hivi. Mapishi yakisema gramu, weka kwenye mzani, usisome mistari ya chupa ya mtoto.

Mzee_wa_Gulu

Naona wote mnajadili namna ya kupima. Mimi nauliza kwa nini mnayatia. Huku kwetu malakwang, mboga ya majani, inapikwa kwa odii, yaani karanga na ufuta vilivyokaangwa vikasagwa pamoja. Karanga karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, ufuta vilevile. Ukiweka gramu 200 za odii kwenye chungu, umeshatia kama gramu 100 za mafuta bila kugusa kidumu.

Sasa nakuja Kampala kwa mtoto wangu, namkuta mkwe anakaanga vitunguu kwa mafuta vijiko vinne, nyanya, kisha ndiyo anatia binyebwa, yaani karanga za kusaga za mchuzi. Mchuzi ukichemka, mafuta yanapanda juu yanatanda kama ziwa. Anayaona, anasema umeiva. Mwanangu, umeiva ndiyo, lakini yale ya kidumu yalikuwa ya nini? Chemsha nyanya na kitunguu kwa maji, koroga karanga zako kwa maji ya vuguvugu, mimina, acha moto mdogo kama nusu saa. Zitatoa mafuta zenyewe.

Lakini msije mkasema mzee kasema odii haina mafuta. Inayo. Nasema msiyatie mara mbili.

Bint_Bombo

Shikamoo mzee. Hapo kwenye kukaanga kitunguu kabla ya karanga umenigusa, mimi ni mmoja wao.

Nesi_Arua

Nimesoma kimya kimya, naomba niseme mawili. Kwanza dada mwenye swali asijitie hofu kupita kiasi. 31 ml ni kama gramu 28. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yote ya mlo wa mtu mzima yasizidi asilimia 30 ya nishati ya siku. Kwa mtu anayekula kalori 2000, hiyo ni kama gramu 67. Humo hesabu ya kidumu, karanga, maziwa, nyama na sumbusa za njiani. Kwa hiyo kidumu peke yake hakijavunja kitu. Swali ni vinavyokizunguka.

Pili, kuna watu wanabadilisha aina wakidhani wamepunguza. Alizeti, mawese, samli, vyote gramu moja ni kalori 9. Samli ina maji kidogo mno, nayo ni hizo hizo. Tofauti iko kwingine: mawese karibu nusu ni yale mafuta yanayoganda, ambayo Shirika lilelile linataka yasipite asilimia 10 ya nishati, na alizeti ni kama sehemu moja ya kumi tu. Haya mawese mekundu tunayopata hapa Arua yana rangi ile ya karoti, ambayo mwili unaigeuza vitamini A, lakini kwa kalori hayana msamaha.

Na watoto wadogo chini ya miaka miwili wasibanwe. Tumbo lao ni dogo, uji wao unahitaji kijiko cha mafuta au karanga. Naona akina mama wanaopunguza unene wanapunguza mpaka kwenye bakuli la mtoto.

Karai_Busia

Mmetusahau sisi wa mandazi. Kwetu hakuna kijiko wala kitambaa, andazi lisipoelea si andazi. Lakini kipimo kipo, tunakipima baada ya kupika.

Jaribuni: pimeni mafuta mnayotia kwenye karai, kaangeni, yaacheni yapoe, yarudisheni kwenye chupa muone yaliyopungua. Mimi nilitia lita moja kwa mandazi ya kilo moja ya unga. Siku ya kwanza ilipungua zaidi ya 200 ml. Juma lililofuata, unga uleule, zikapungua karibu 120. Nilibadilisha vitu vitatu tu. Nilisubiri mafuta yapate moto, ukichovya ncha ya mwiko wa mti mapovu yatoke haraka pembeni yake (wenye kipimajoto wanasema 175 hadi 180). Nikaacha kuyarundika, maana ukijaza karai joto linaanguka, andazi linakaa muda mrefu likiogelea, linalowa. Na la tatu hili wengi hawalijui: mafuta mengi andazi linayanywa likishatoka, si likiwa ndani. Likiwa ndani mvuke unatoka kwa nguvu, unayasukuma nje. Ukilitoa, mvuke unapoa, lile andazi linavuta ndani mafuta yaliyobaki juu ya ngozi. Kwa hiyo litikise kwenye kijiko cha matundu palepale juu ya karai, lisimamishe kwenye chujio. Usiyapange kwenye beseni yakabebana, la chini litakunywa ya wenzake.

Na donge lenyewe: ukizidisha mafuta na sukari kwenye unga wa mandazi, yatanyonya zaidi. Chapati ya kaka wa Mbale na andazi si mtu mmoja.

Rolex_Stendi_Mbale

Nimekubali mama. Na mafuta yakishakuwa meusi unayatupa lini? Usinidanganye.

Karai_Busia

Yakianza kutoa povu jembamba lisilotulia, au moshi kabla ya moto kukolea, basi. Kabla ya hapo nayachuja kwa kitambaa kila jioni. Makombo ya unga ndiyo yanayoungua na kuyaharibu. Umetaka ukweli, ndio huo.

Nilotaka_Kujua

Kuna hizi chupa za kupulizia, mbona hakuna aliyezitaja?

Oveni_ya_Jinja

Kwa kupaka bati la keki ni nzuri. Kwa kuunga dodo (mchicha) utapulizia mpaka magharibi.

MamaWatatu_Ntinda

Nimerudi na majibu, maana si vizuri kuuliza na kupotea.

Kidumu kipya nilikifungua tarehe 18. Leo ni siku ya 20 na bado kina kama vidole vinne. Chapati za kuanza kavu zimepita, watoto hawakuuliza kitu, baba yao alisema tu zimekuwa "za hotelini", sijui ni sifa au lawama. Kitunguu kwenye uma nimekipenda kwa mayai. Binyebwa bila kukaanga nilipika mara mbili. Ya kwanza ilikuwa bapa, ya pili nikachoma nyanya na kitunguu juu ya mkaa kwanza, ikawa tamu. Mzee wa Gulu naomba uniambie kama hilo linaruhusiwa. Keki ya ndizi kwa 180 ml imepanda, karatasi kavu.

Kilichonishinda ni biringanya. Nimezipa vijiko viwili, zikavinywa zikiwa hazijalainika, zikabaki zinanitazama.

Bint_Bombo

Biringanya ni sifongo dada, ina matundu ya hewa. Zianike kwa chumvi kidogo, au uzipitishe kwenye mvuke kwanza zinywee, matundu yafunge. Ndipo uzikaange. Chupa ya mtoto bado unaitumia?

MamaWatatu_Ntinda

Nilikuwa naitumia. Jumamosi mama mkwe alifika kutoka Kasese bila kupiga simu, akaikuta imesimama karibu na jiko, imeoshwa, kifuniko pembeni. Akaishika, akaitazama, akanitazama tumboni. Akaweka mkoba chini, akakaa, akasema kwa upole kabisa: "Mwanangu, mbona hamkuniambia?"