P0603 kwenye X-Trail T31: ninunue kontroli boksi (kompyuta ya injini)?

Mkazi wa Nkuhungu
Wakuu, habari za Dodoma. X-Trail T31, injini MR20. Taa ya injini inawaka, mashine ya kupimia inasoma kodi ya hitilafu P0603. Nikifuta inaondoka, gari likilala asubuhi imerudi na sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka. Fundi anasema nitafute kontroli boksi nyingine.

FundiWaya
Usinunue kwanza, mkuu. Ingekuwa P0604 au P0605 ningemwelewa, hizo zinaelekeza ndani ya boksi lenyewe. P0603 ni kumbukumbu inayotakiwa kubaki hai gari likiwa limezimwa, na uhai wake ni waya mmoja wa umeme wa kudumu toka betri. Ukikatika, boksi linasahau masahihisho ya mafuta na kipimo cha hewa ya sailensi.

Pima betri iliyopumzika: iwe karibu volti 12.6, na ukipiga stata isishuke chini ya 9.6. Toa negativu, chomoa soketi ya boksi, rudisha negativu, kisha pima waya huo swichi ikiwa OFF. Utafute kwenye mchoro, usikisie kwa rangi. Mita peke yake inadanganya: husoma 12 hata waya ukibaki unyuzi mmoja. Weka balbu ya wati 5 kati ya waya huo na negativu. Ikififia, fuata waya hadi kwenye fyuzi.

Ethi (waya wa boksi unaorudi negativu) nayo: rudisha soketi, washa injini, taa na feni, upime kati ya ethi ya boksi na negativu ya betri. Ikizidi volti 0.1, kuna kutu au nati imelegea.

Kibaigwa_Otomatiki
Kabla ya yote hayo, lina swichi ya siri ya kuzuia wizi?

Mkazi wa Nkuhungu
Ndiyo, chini ya dashibodi. Naizima kila usiku.

Kibaigwa_Otomatiki
Mchawi ndiye huyo. Aliyeifunga amekata umeme wa kudumu wa boksi. Urudishwe mzima, wa kulehemu. Wa kusokota na selotepu hautavuka rasta za barabara ya vumbi. Swichi ihamie kwenye waya wa rilei ya pampu ya mafuta.

Ukimaliza futa kodi ya hitilafu, kisha mashine ifundishe upya hewa ya sailensi, injini ikiwa nyuzi 70 hadi 100, AC na taa zimezimwa. Ukiruka hatua hiyo utadhani gari bado bovu.

FundiWaya
Ikirudi baada ya hapo, sasa lishuku boksi. Ila boksi la mtumba halitawasha gari mpaka funguo zisajiliwe upya, kwa hiyo ulizia na bei ya kazi hiyo.