Njia ya baiskeli imechorwa kwenye milango ya magari: nipite humo au nikae barabarani?

Pedali_Asubuhi:
Wadau, habari za leo. Naomba ushauri wa watu wanaopanda baiskeli kila siku.

Naenda kazini kwa baiskeli, kilomita 11 kwenda na 11 kurudi, huu mwaka wa sita. Miaka mitano ya kwanza barabara yangu haikuwa na alama yoyote ya baiskeli, na nilishajua pa kukaa: mahali ambapo dereva wa nyuma ananiona, anipite palipo na nafasi. Mwaka jana wakachora mstari mweupe na picha ya baiskeli. Nilifurahi mno, hata nikasimama pembeni nikampigia mume wangu kumwambia.

Furaha haikumaliza mwezi. Mstari umepita ubavuni kabisa mwa magari yaliyoegeshwa. Wiki tatu zilizopita mlango ulifunguka mbele yangu, hatua mbili hivi. Nilikwepa, ncha ya usukani ikagonga mlango, nikaangukia upande yanakopita magari. Aliyekuwa nyuma yangu alikanyaga breki hadi nikasikia harufu ya tairi nikiwa pale chini. Nimeumia kiwiko na goti, na helmeti imepasuka. Aliyefungua mlango alikuwa kijana, abiria tu. Alikuwa anatetemeka kuliko mimi.

Tangu siku hiyo napita nje ya mstari, na sasa napigiwa honi kila asubuhi. Jana gari lilinipita karibu hadi kioo chake cha pembeni kikagusa mkono wa koti langu, kisha dereva akanifokea dirishani: "Njia yako si ile pale!"

Jumamosi nikaenda na futi ya kupimia. Njia hiyo ina upana wa mita 1.2. Mlango wa gari dogo ukifunguliwa wote unakula karibu mita 1. Inabaki sentimita 20, na usukani wangu ni sentimita 60. Kwa hiyo hata nikitaka kuwa mtiifu, hakuna mahali ndani ya mstari ambapo mlango haunifikii. Mbele zaidi, magari yanapoishia, njia inapita juu ya chuma cha mtaro ambacho nondo zake zimelala kufuata mwendo wa tairi, halafu inaishia kwenye nguzo ya taa. Inaishia pale pale, bila alama yoyote ya kukuambia uende wapi.

Nyinyi mngepita wapi?

Gia_ya_Saba:
Pole sana dada, na shukuru Mungu yule wa nyuma alikuwa macho.

Toka humo, bila kusitasita. Sheria za nchi zinatofautiana, kuna mahali ukiwekewa njia unalazimika kuitumia, kwa hiyo soma za kwako kwanza. Uingereza, kwa mfano, hulazimiki, na kanuni zao za barabarani zilizorekebishwa mwaka 2022 zinasema ukipita magari yaliyoegeshwa acha upana wa mlango au mita 1. Kanuni hizo hizo zinamwambia dereva anayekupita aache angalau mita 1.5 hata kwa mwendo mdogo wa mjini.

Piga hesabu ya mlango. Ukienda kilomita 20 kwa saa, kila sekunde unakula mita 5.5. Mtu hushtuka kwa karibu sekunde moja kabla vidole havijabana breki. Mlango ukifunguka hatua mbili mbele yako, hakuna ujuzi wa kukuokoa. Kinachookoa ni nafasi uliyojiwekea kabla.

Ukiwa nje ya mstari, nyooka. Kosa ninaloliona sana ni mtu kujibanza kila anapoona pengo kati ya magari mawili yaliyoegeshwa, kisha anachomoka tena. Kila ukichomoka, dereva wa nyuma anakuona kama umetokea ardhini. Shika mstari mmoja, geuza kichwa uangalie nyuma kabla ya kuhama, na toa mkono. Kichwa kikigeuka dereva anajua kuna mtu pale, na wengi hupunguza mwendo.

Hilo la chuma cha mtaro usilichukulie kama dogo. Tairi jembamba likiingia kati ya nondo linasimama hapo hapo, wewe unaendelea. Nilivunjika mfupa wa bega hivyo.

Tairi_Nne:
Samahani, lakini mimi nina mtazamo tofauti. Mmeombewa njia, mmechorewa njia, na bado mko mbele ya gari langu mnaenda kilomita 18 kwa saa. Nina watoto wa kuwahisha shule. Kama hamtaitumia, kwa nini ilichorwa?

Pedali_Asubuhi:
@Tairi_Nne, sikuichora mimi, na nikiwa mbele ya gari lako naogopa kuliko unavyochoshwa. Njoo siku moja ufungue mlango wako wote pale ulipoegesha, kisha utazame unaishia wapi kwenye ile picha ya baiskeli. Hao watoto wako, ungewaruhusu wapite humo? Nakuuliza kwa dhati. Mimi binti yangu wa miaka 12 nimemkatalia, na amenuna wiki nzima.

Tairi_Nne:
Humo nisingewaruhusu, hapana.

Kabini_Juu:
Mimi naendesha lori mwaka wa 17. Mlango unaumiza, lakini kinachoua ni kona.

Nikiwa kwenye taa na baiskeli ikanijia ubavuni upande ninaokatia, kuna mahali kwenye vioo vyangu haionekani kabisa, hasa karibu na mlango wa abiria na chini ya pua ya gari. Nikianza kukata, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele. Yanakata ndani zaidi, yanaufagia ule ukingo ambako mwenye baiskeli amejibanza akidhani yuko salama. Anabanwa kati ya lori na ukingo wa saruji.

Na hizi njia za rangi zinampeleka hapo hapo! Zinamwambia: pita ubavuni mwa lori, njia yako iko wazi. Dada, usiifuate hiyo rangi penye lori, hata kama limesimama, hata kama halijawasha indiketa. Kaa nyuma yake, mahali unapoona uso wangu kwenye kioo. Usipouona uso wangu, mimi sikuoni. Au kama taa bado ni nyekundu na una muda wa kutosha, nenda mbele kabisa nitakapokuona kwa macho.

Nilimgusa mmoja miaka mingi iliyopita. Aliinuka, baiskeli haikuinuka. Bado namfikiria kila nikikata kona ile.

Penseli_na_Rula:
Nachora barabara kwa kazi, na nitasema wazi jinsi njia kama hii inavyozaliwa. Unaanza na upana wote. Unatoa njia za magari, unatoa maegesho, kisha kilichobaki unakiandika "baiskeli". Mita 1.2 hakuna aliyeikalia kuifikiria, ni masazo. Mwongozo wa usanifu wa Uingereza wa mwaka 2020 unataka njia ya rangi iwe mita 2, na isipungue 1.5 kwa hali yoyote, tena rangi peke yake haitoshi penye magari mengi.

Rangi inaweza hata kudhuru. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Monash uliofanyika Melbourne na kutolewa mwaka 2019 ulipima umbali ambao magari huacha yanapopita baiskeli. Palipokuwa na mstari wa rangi, madereva walipita karibu zaidi kuliko pasipokuwa na mstari. Dereva anatazama mstari: maadamu hajaukanyaga, anaona ametimiza wajibu, wala hamtazami mtu.

Dawa kwa barabara yako ni kubadilishana nafasi. Magari yaliyoegeshwa yasogezwe upande wa barabara, baiskeli ipite kati yake na njia ya waenda kwa miguu, na katikati iachwe nafasi tupu ya milango. Magari yale yale yaliyokuwa hatari yanageuka ukuta wa kukukinga. Kwenye makutano kijengwe kisiwa cha saruji kwenye kona, kama wanavyofanya Uholanzi, ili anayekata apunguze mwendo na akutane na baiskeli ikiwa mbele yake, si ubavuni. Ni saruji tu na vipimo. Uholanzi wenyewe hawakuzaliwa hivyo: mwaka 1971 barabara zao ziliua zaidi ya watu 3,000, zaidi ya 400 wakiwa watoto, na wazazi wakaingia mitaani kudai.

Na usiombe kipande. Sevilla, Hispania, walijenga mtandao unaoungana kwa miaka michache tu kuanzia 2006, na watu wakaanza kupanda baiskeli kwa sababu njia ilifika walikokuwa wakienda. Njia inayoishia kwenye nguzo haimfikishi mtu kokote.

Pima upana wote wa barabara, ukingo hadi ukingo. Bila hiyo namba watakujibu "hakuna nafasi" na mazungumzo yataishia hapo.

Pedali_Asubuhi:
Nimerudi. Nimepima leo alfajiri, mume wangu ameshika ncha moja ya futi.

Njia za magari ni mbili, kila moja mita 3.6. @Penseli_na_Rula, nimesoma kwamba mjini mita 3.1 inatosha kwa mwendo mdogo, nirekebishe kama nimekosea. Kila upande ukipunguzwa nusu mita, inapatikana mita nzima. 1.2 inakuwa 2.2, bila kuondoa gari hata moja lililoegeshwa. Nafasi ilikuwapo siku zote, imelala katikati ya barabara.

Kwa upande wangu nimeamua: nakaa nje ya mstari, nanyooka, na penye lori nangoja nyuma hadi nione uso. Honi nitazivumilia. Chuma cha mtaro nimekipiga picha na kukiandikia barua peke yake, kwa sababu kukigeuza ni kazi ya mchana mmoja.

Nataka kuambatanisha idadi ya baiskeli na barua kubwa. Jumanne nitakaa kwenye kona kuanzia saa 12:30 asubuhi hadi saa 3, nahesabu wanaopita ndani ya mstari na wanaopita nje. @Tairi_Nne amenitumia ujumbe kwamba atakuja kuhesabu upande wa pili akishawashusha watoto. Nitaleta namba hapa.