Kwanini kituo cha umeme cha chini ya ardhi kinachukua miaka hivyo kujengwa?

MtotoWaChumbageni:
Wakuu habari za jioni, niko Tanga hapa nasomea umeme. Bro wangu yuko ng'ambo anapika kwenye mgahawa katikati ya jiji, anasema mbele yao pamezungushiwa mabati wanajenga kituo cha kupoza umeme chini ya ardhi, sasa mwaka wa nne na haoni kitu zaidi ya winchi na malori ya udongo usiku, wateja wamekata, wenzake wawili wameshapunguzwa na anahofia anayefuata ni yeye. Huku kwetu kituo cha juu unakiona kinakua, leo zege kesho transfoma. Kaniuliza nimekosa jibu. Kinachochelewesha nini hasa?

FundiKebo:
Dogo, shimo ndo kazi yenyewe. Katikati ya maghorofa huwezi kuchimba kwanza ukuta uje baadae, majengo ya jirani yatakufuata shimoni. Ukuta unatangulia: unachimbwa mtaro mwembamba wa kina kirefu, unajazwa tope la bentonaiti (aina ya udongo wa mfinyanzi) usibomoke, nondo zinashushwa, zege linamwagwa kuanzia chini linalisukuma tope juu, kipande kwa kipande mpaka mzunguko ufunge, hapo ndo unaanza kutoa udongo wa katikati. Kile cha Shin-Toyosu kule Tokyo, cha kilovoti 500, kilichoanza kazi mwaka 2000, ni duara lenye upana wa mita 140 hivi, piga hesabu ni malori mangapi. Halafu kuna maji. Wewe mtu wa pwani unajua ukichimba karibu na bahari maji yanavyokuja. Sanduku tupu la zege kwenye maji linataka kuelea kama ngalawa, lazima lizidishiwe uzito au lifungwe na nguzo zinazoshika chini kabisa. Yote hayo bro wako haoni, yuko nje ya mabati.

Mkondo_33:
Naongezea kwa fundi. Vifaa navyo si vya kununua dukani, transfoma kubwa inaagizwa kiwandani unasubiri mwaka na zaidi. Swichigia, yaani zile swichi kubwa za kuwasha na kukata umeme, inakuwa ya gesi ya SF6 inayozuia umeme usiruke, ili ienee kwenye nafasi ndogo, na Japani wanaweka hata transfoma za gesi badala ya mafuta kwa kuogopa moto, maana moto chini ya watu ni balaa. Na jiji huwezi kulizimia umeme, kebo za zamani zinahamishwa moja moja, nyingi usiku.

MamaDuka_Ngamiani:
Wanangu nimewaelewa, ila mimi duka langu liliwahi kuzibwa na mtaro miezi mitano, mkandarasi hakuja hata siku moja kusema utafukiwa lini. Niliagiza mchele gunia sita ukaniozea ndani kwa mvua na wateja hawavuki tope. Ningeambiwa tarehe ningeagiza gunia moja. Mwambie huyo kaka yako na tajiri wake waende wakaulize ratiba, waombe njia ya watu iachwe wazi na bango la mgahawa libandikwe kwenye hayo mabati.

MtotoWaChumbageni:
Shkamoo mama, asante sana, la bango hatukuliwaza kabisa, nampigia sasa hivi kabla hajaingia zamu. Fundi hiyo ya ngalawa namwambia pia. Kuna sehemu washamaliza na juu watu wanakaa kawaida?

FundiKebo:
Ipo. Anaheim, Marekani, kimoja kiliwashwa 2006, juu yake ni bustani, watoto wanacheza.